Jioni namfunga kidonda, usiku ananipa mgongo

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Katuba hapa Lubumbashi na nauza unga wa mahindi sokoni. Mume wangu alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Kasumbalesa, mji wa mpakani na Zambia, mpaka ugonjwa wa sukari ulipomletea kidonda cha mguu na mwajiri akampa mtu mwingine usukani. Kodi ya nyumba tunadaiwa miezi mitatu, na dawa hununuliwa kwa pesa ya unga. Kila jioni namwosha kidonda na kukifunga. Usiku tunasoma daftari la madeni kitandani, maana ndiyo saa pekee ambayo watoto hawasikii, kisha ananipa mgongo. Ni karibu mwaka hajanigusa. Mawifi zangu wanasema nimemchosha kwa maneno ya pesa. Mimi nawaza kwamba moyo wake ulibaki kwa mwanamke wa Kasumbalesa. Jirani ananishauri nimnunulie vidonge vya nguvu vinavyotembezwa barabarani. Je, nivinunue? Je, ni vibaya kumtamani mtu mgonjwa? Tena mwezi ujao ni zamu yangu ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, na mwenye nyumba anaingojea.

JIBU: Mama, vidonge hivyo usivinunue. Mara nyingi vya aina hiyo huwa vimechanganywa na sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, bila kuandikwa popote, na mtu anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua akivimeza, presha yake inaweza kushuka ghafla hata akapoteza maisha. Sildenafili yenyewe ni dawa halali na imewasaidia wengi, ila huandikwa na daktari aliyekwisha kumpima mgonjwa moyo na kujua dawa nyingine anazomeza. Mwenye sukari yuko katika hatari ya maradhi ya moyo kuliko watu wengine, kwa hiyo uangalifu huo si wa kupuuzwa.

Kuhusu mwanamke wa Kasumbalesa, siwezi kumwapia mtu nisiyemjua, lakini hayo unayoyaeleza yana sababu iliyo karibu zaidi. Sukari inapokaa juu kwa miaka mingi huharibu neva na mishipa ya damu, na uharibifu huo unaochelewesha kidonda kupona ndio pia unaomnyima mwanamume nguvu kitandani hata kama moyo wake unataka. Wenye sukari hupatwa na tatizo hili takriban miaka 10 hadi 15 mapema kuliko wanaume wengine. Baadhi ya dawa za presha nazo huongeza shida, na daktari anaweza kuzibadilisha. Mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Lisemeni jambo hili kliniki waziwazi, kwa sababu wauguzi wengi hawaulizi na wagonjwa wengi huona haya kuanza, basi miaka inapita.

Hofu ya madeni nayo ina kazi yake mwilini. Hukata usingizi, huamsha homoni zinazopandisha sukari, na huzima hamu kwa mwanamume na kwa mwanamke vilevile. Mtu aliyezoea kuingia nyumbani na gunia la unga begani, leo anakula bukari, yaani ugali, iliyonunuliwa na mkewe, naye kila usiku anasomewa orodha ya watu wanaomdai. Sisemi kwamba aibu hiyo ina haki. Nasema ipo, na daftari linaiamsha mahali pabaya kabisa. Mawifi zako wamekosea kukulaumu, kwa kuwa madeni lazima yasemwe na wewe ndiwe unayeyabeba, lakini saa na mahali vinaweza kubadilishwa. Chagueni alasiri moja ya juma, watoto wakiwa nje, mkae mezani na daftari, mkimaliza lifungiwe kabatini, na chumbani lisiingie tena.

Kidonda nacho ningependa kikutoke mikononi kwa siku kadhaa za juma. Kama una kijana mkubwa au mpwa, muuguzi wa kituo cha afya amwonyeshe namna ya kukisafisha. Ni vigumu kwa mwanamume kumgeukia kama mke mtu ambaye saa moja iliyopita alikuwa akimbana usaha, na ni vigumu kwako pia, hata kama hukuandika hivyo. Nawe umechoka, Mama. Kumtamani mumeo si vibaya hata kidogo, wala ugonjwa wa sukari hauambukizi. Mwambie kwa maneno mepesi kwamba unamkosa, bila kumdai chochote usiku huo. Kulala mkiwa mmekumbatiana, hasa katika baridi hii ya Lubumbashi ya Juni na Julai, ni kitu kamili chenyewe, na mwanamume anayejua kwamba hatapewa mtihani huacha kukimbilia ukutani.

Mwangalie lakini. Akikaa zaidi ya wiki mbili hataki kula na wenzake, hafurahii chochote, au akitamka kwamba ni heri afe, hiyo ni sonona na ina matibabu. Akitamka hayo ya kufa msimwache peke yake, mpelekeni hospitalini siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mguu ukigeuka mweusi, ukitoa harufu mpya, au homa ikipanda.

Zamu ya likelemba ianze kwa dawa ya sukari na vifaa vya kidonda, kwa sababu mguu ukikatwa deni litakalofuata litaipita kodi ya miezi mitatu. Kitakachobaki mpelekeeni mwenye nyumba kama sehemu, na mkubaliane mengine yatalipwa lini. Mazungumzo hayo ayaongoze mumeo. Dereva wa Kasumbalesa amezoea kujadiliana na watu wagumu mpakani, na mdomo wake hauna kidonda.