Nyani, laana ya ukoo na kufuli tatu

Barua za wasomaji zimejaa tena. Waliotuma matusi nimewasoma, ila sehemu zinazomtaja mama yangu nimeziruka, maana marehemu hahusiki. Wanaouliza nitaokoka lini: jibu ni lilelile la mwezi jana, siamini kwamba Mungu yupo.

Mwalimu, kama binadamu alitokana na nyani, mbona nyani bado wapo? (Morogoro)

Swali hili limeshaingia mara kumi na moja tangu Januari. Mara kumi nilijibu kwa adabu.

Tuanze na lugha. Nyani ni yule mwenye pua ndefu kama ya mbwa, anayevamia mashamba ya mahindi huko kwenu karibu na Mikumi. Hakuna mwanabiolojia anayesema tulitokana naye. Aliye karibu nasi ni sokwe, na huyo naye si babu yetu, ni binamu. Babu wetu wa pamoja aliishi miaka milioni sita au saba iliyopita, na ameshakufa kama mababu wote.

Kama bado hujanielewa, chukua Kiswahili na Kigiriama. Wanaisimu wanatuambia lugha hizi mbili, pamoja na Kipokomo na Kikomoro, zilizaliwa na lugha moja ya zamani ambayo wameipa jina la Sabaki. Lugha hiyo haina msemaji leo. Hebu msimamishe Mgiriama pale Kaloleni umwulize mbona lugha yake bado ipo ilhali Kiswahili kimeshazaliwa. Atakutafutia kivuli ukae, akuletee maji.

Na ushahidi hauko Ulaya. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa mwaka 1978 huko Ngorongoro, zina miaka milioni 3.6. Waliozikanyaga walitembea wima juu ya majivu ya volkano kama wewe unavyokwenda dukani, ila ubongo wao ulizidi kidogo tu ule wa sokwe. Olduvai pana jumba la makumbusho. Nenda kwanza, kisha niandikie mara ya kumi na mbili.

Nataka kujiunga na Freemason, najua wewe ni mwenzao. Nisaidie namba. (Dar es Salaam)

Hao sharti lao mojawapo ni kuamini kwamba Mungu yupo, kwa hiyo mimi wasingenipokea. Namba uliyoiona kwenye nguzo ya umeme ni ya tapeli, na atakuomba ada ya fomu kwanza.

Mwanetu wa miaka 4 ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Shemeji anasema ni laana ya ukoo, twende kwa nabii ikavunjwe, na dawa tuziache ili imani ifanye kazi. Wewe usiyeamini unasemaje? (Mwanza)

Dada yangu, kwanza mtoto. Usiache kliniki. Usiache dawa hata siku moja. Akipata homa usingoje kuche, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama nabii yuko mlangoni na mafuta mkononi. Yanayofuata hapa utayasoma usiku akishalala.

Shemeji amepatia nusu. Ni ya ukoo kweli, ila ni koo mbili. Mtoto amepokea kinasaba cha selimundu kutoka kwako na kingine kutoka kwa baba yake. Ninyi mna kimoja kimoja, ndiyo maana hamuumwi. Kwa kila mimba yenu, uwezekano wa mtoto kuupata ugonjwa ni mmoja kati ya minne. Kwa hiyo wakianza kumnyooshea mama kidole peke yake, kama ilivyo desturi yetu, mwambie shemeji kwamba nusu ya hiyo anayoiita laana imetoka kwao.

Sasa kwa nini kinasaba kikali namna hii kimeenea Kanda ya Ziwa na pwani? Aliyelijibu ni daktari aliyekulia Kenya, Anthony Allison. Mwaka 1949 alizunguka akipima damu za watu, akaona kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria wenye kinasaba hicho ni wengi, na nyanda za juu kwenye baridi, ambako malaria ilikuwa adimu, ni wachache mno. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: aliyebeba kimoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Watoto wa namna hiyo walinusurika, wakakua, wakazaa. Hiyo laana, dada, ndiyo iliyowavusha mababu zako. Na hayo ndiyo mageuko, yaleyale anayoyakataa msomaji wa Morogoro, yakiwa kazini ndani ya mishipa ya mwanao. Mimi nikiyatazama nashindwa kumwona mbunifu mwenye huruma ambaye, akitaka kuwakinga watoto na mbu, anawatoza wengine gharama hii. Lakini hapo huna haja ya kukubaliana nami. Sali uwezavyo, na dawa apewe.

Nimekuwa mkali kwa sababu picha hii nimeshaiona. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanda magari kwenda Samunge, Loliondo. Kikombe cha mitishamba kwa mzee mmoja mchungaji shilingi 500, dawa ya UKIMWI, kisukari, kansa, kila kitu. Foleni ilipimwa kwa kilomita. Wagonjwa walitolewa wodini, wengine wakafia njiani. Mawaziri nao walikwenda wakanywa. Mzee mwenyewe sikumwona tapeli hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha, maana mtu mkweli anaweza kukosea kwa moyo mweupe na watu wakafa vilevile. Jirani yangu aliyekuwa akijichoma insulini alirudi kutoka Samunge akafurahi, akaacha sindano. Hatukumaliza naye mwaka. Na Februari 2020 kule Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi kukanyaga mafuta ya upako.

Nabii yeyote anayedai kuvunja laana ya selimundu, aje tupime damu ya mgonjwa kabla na baada, maabara ileile, na daktari asimjue nabii. Gharama ya vipimo nitalipa mimi. Tangazo hili nimeshalitoa mara nne.

Mahakamani utaapa kwa kitabu gani? (Nakuru)

Hakuna. Sheria inaruhusu kuthibitisha badala ya kuapa, kwenu na kwetu. Nilifanya hivyo mara moja, kesi ya mpaka wa shamba. Karani alinitazama kama nimevua shati.

Bila hofu ya Mungu, ni nini kinakuzuia kuiba? (Dodoma)

Mke wangu yumo kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa fedha. Wanachama 25, kama nusu wa kanisani, waliobaki wa msikitini, na kikao hufunguliwa kwa sala na dua zote mbili. Kisha linaletwa sanduku. Lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu, na sanduku lenyewe analala nalo mtu wa nne. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Sijasikia hata mwanachama mmoja akilalamika kwamba ni kufuru, kwamba hofu ya Mungu ilitosha.

Wanajua wanachofanya. Mimi nazuiwa na yaleyale yanayowazuia wao: aibu, sheria, na kuujua uso wa nitakayemwibia.

Sayansi leo inasema hivi, kesho vile. Neno halibadiliki. Unaaminije kitu kinachobadilika? (Kigoma)

Sayansi siiamini, naikagua. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ningekuwa bado na ubao ningepiga mstari katikati.

Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, akaona asingoje maziwa yapoe, akayaingiza yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza akaambiwa amechanganya mambo. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akasema basi hiyo ni fizikia ya Mpemba. Darasa likacheka, na utani ukamwandama. Kisha akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, kutoa mhadhara. Mpemba akanyoosha mkono na swali lilelile. Wenzake waliona aibu kwa niaba yake. Osborne hakuwa na jibu, ila aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam akalijaribu kweli. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Kisa hakikuishia hapo, na huku ndiko nilikotaka kukupeleka. Hadi leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo lipo. Wapo waliorudia wakalipata, wapo waliorudia wakalikosa, na wapo wanaodai tofauti yote ni pale kipimajoto kilipochomekwa. Hakuna aliyetengwa. Sasa wewe jaribu kunyoosha mkono Jumapili katikati ya mahubiri.

Au chukua vidonda vya tumbo. Tuliambiwa vinaletwa na mawazo na pilipili. Barry Marshall wa Australia alisema ni bakteria, akapuuzwa, na mwaka 1984 akanywa bakteria hao mwenyewe akaugua tumbo ndani ya siku chache. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Kama sayansi isingebadilika, hospitali zingekuwa bado zinakuandikia upunguze mawazo.

Nami sijisafishi. Nilifundisha biolojia miaka 27, na kuna binti niliyemkalisha chini alipouliza kwa nini mbu hasambazi UKIMWI. Nilimwambia halimo kwenye mtihani. Ukweli ni kwamba sikuwa najua.

Mnajifanya wema, lakini Stalin hakuwa na dini na aliua mamilioni. Mbona unaandika Shakahola tu? (Mombasa)

Aliua, ndiyo. Ongeza Hoxha, mtawala wa Albania, aliyefunga makanisa na misikiti yote mwaka 1967 na kujisifu kwamba nchi yake haina Mungu. Ningeishi Tirana miaka ile ningekuwa upande wa bibi anayesali kwa kujificha. Sitaki mtu yeyote azuiwe kusali, na anayenisoma akadhani nataka hivyo hajanisoma.

Naandika Shakahola kwa sababu miili zaidi ya 400 ya watu wa mhubiri aliyewaambia wafunge hadi kufa ilifukuliwa kwenye msitu ulio upande wenu wa pwani, na mingi ilikuwa ya watoto ambao hawakuchagua kufunga. Kabla ya hapo ilikuwa Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia ya waumini wakateketea kanisani mwao. Kila mara tunasema tumejifunza. Mtu akikataza maswali, shule na hospitali kwa mpigo mmoja, mripotini siku hiyo, awe ameshika Biblia, Kurani au kadi ya chama.

Kwani mko wangapi? (Arusha)

Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu 755,750 wasio na dini. Tanzania haijauliza dini kwenye sensa tangu 1967, na naona ni busara. Tusingelala.

Ukifa ukakuta Mungu yupo je? (wasomaji saba, sehemu mbalimbali)

Shikamoo.

Kisha nitamwuliza lile la selimundu.

Kama hakuna akhera, unaamka asubuhi kwa ajili gani? (Tanga)

Mama yangu alikuwa Mwanglikana wa Muheza, wa kengele ya kwanza. Kwa miaka 40 alinisalia nirudi. Alipofariki nilisimama na kwaya yake nikaimba nyimbo zote, sauti ya tatu aliyonifundisha nikiwa mdogo, maana nyimbo zile ni zake na sina sababu ya kuzinyamazia. Mchungaji akasema mama yuko mahali pema. Nilinyamaza. Kaburi lilichimbwa na vijana wa msikiti wa jirani, udongo wenyewe mgumu, wakamaliza adhuhuri. Wanawake ambao nusu yao siwajui kwa majina walilala kwetu siku tatu, wakipika.

Naamka kwa ajili ya mambo ya namna hiyo. Jirani akifiwa nashika jembe. Nina wajukuu wawili wanaotaka kujua kwa nini mwezi unalifuata basi, na kuwaeleza kunanichukua safari nzima. Siku yangu imejaa, sioni pengo unalodhani ninalo.

Ninalokosa ni moja: ninyi mnatarajia kumwona tena mama, mimi sitarajii. Haliniliwazi, na sitakudanganya kwamba limezoeleka.

Je, nyama ya Idi unakula? (Pangani)

Nakula, na ya Krismasi pia. Jirani alileta bakuli la pilau Idi iliyopita, na ameshanikumbusha mara mbili kwamba bakuli ni la seti. Nangoja machungwa yaive, maana siwezi kulirudisha tupu.