Swali la lugha: Lapoteza joto, joto laongezeka?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha fizikia sekondari hapa Mikindani, Mtwara. Jioni moja niliandika ubaoni: "Shimo jeusi linapoteza joto na joto lake linaongezeka." Darasa zima likacheka. Nimekosea wapi? Na je, shimo hilo linayeyuka au linavukizwa?

JIBU: Marahaba. Fizikia yako ni sahihi. Kilichokuponza ni neno joto, ulilolitwisha mizigo miwili. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu hadi kitu. Jotoridi ni kile kinachosomwa kwenye kipimajoto. Mtaani tunayachanganya bila madhara: leo kuna joto, mgonjwa ana joto, na tunaelewana. Lakini kaa ufukweni hapo na kikombe cha chai. Chai inaunguza ulimi, bahari haiunguzi, ila ukiimwaga baharini ghuba haitajua: jotoridi la chai ni kubwa, lakini joto inaloweza kutoa ni dogo.

Kwa kawaida mawili hayo hufuatana. Chai ikipoteza joto, jotoridi lake hushuka. Mtungi ukitoa jasho, maji ya ndani hupoa. Shimo jeusi, lile gimba la angani ambalo mvutano wake hauachii hata mwanga, ndilo kaidi. Mwaka 1974 mwanafizikia Stephen Hawking alionyesha kwamba hutoa mionzi, na nishati ya mionzi hiyo hulipwa kwa tungamo, yaani kiasi cha maada, la shimo lenyewe. Tungamo likibaki nusu, jotoridi huwa mara mbili. Basi andika: "Shimo jeusi likipoteza nishati, jotoridi lake hupanda." Watashangaa, ila hawatacheka.

Kuna jingine ambalo hukuliuliza: hiyo -na- ya "linapoteza". Shimo lenye tungamo sawa na la Jua lina jotoridi la takriban Kelvin 0.00000006 (Kelvin sifuri ndiyo baridi ya mwisho kabisa), ilhali mionzi iliyosalia tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, iliyojaa anga lote, ina Kelvin 2.7. Kwa hiyo leo hii shimo la namna hiyo linapokea nishati zaidi kuliko linavyotoa, linanenepa! Sema "hupoteza" ukieleza kanuni, au "litapoteza" ukitaja shimo fulani. Na ni "lita-" ya mbali kweli: kuisha kwake kunahitaji miaka ambayo idadi yake ni tarakimu ikifuatwa na sifuri 67.

Kuhusu kitenzi, nachagua kuyeyuka. Najua barafu huyeyuka ikawa maji, lakini hata hela ya korosho huyeyuka msimu ukiisha, na hakuna anayetafuta maji yake. "Linavukizwa" mimi hunijia na mtu aliyeshika chetezo cha ubani chini ya shimo.