Sindano ya sukari kabla ya adhana ya Magharibi

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh wangu. Mimi ni mama wa Ngamiani, hapa Tanga. Nina sukari, na insulini najichoma mwenyewe nyumbani. Ramadhani hii daktari kaniruhusu kufunga, ila sindano ya jioni nijichome nusu saa kabla ya kula, yaani adhana bado. Jirani yangu anasema hapo nimeshafungua. Basi nangoja adhana, najichoma huku tende iko mdomoni. Tena kuna siku kitone cha damu hutoka, nikasimama kuswali roho haijatulia. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mama yangu, jichome wakati ule ule aliokupangia daktari. Hujafungua.

Sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, twasema kinachofunguza ni kitu kinachoingia ndani kwa tundu lililo wazi, kama mdomo na pua. Sindano inapita kwenye ngozi na kuishia kwenye mafuta ya chini yake. Imam Nawawi, mwanachuoni wetu wa karne ya 13, alikwisha kuzungumzia dawa inayofika ndani ya nyama ya muundi, akasema haifunguzi, na zama hizo hata bomba la sindano halijajulikana. Mwaka 1997 Baraza la Fiqhi la Jeddah, la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, nalo likapitisha kuwa sindano za ngozi, za msuli na za mshipa hazifunguzi, isipokuwa zile za kulisha mwili. Yako si chakula. Tena ni kinyume chake: inashusha sukari, na ndiyo maana ukishajichoma lazima ule. Nusu saa hiyo dawa inajiandaa kukutana na futari. Ukichelewa, uji na tambi vinaitangulia.

Damu isikusumbue. Kwetu udhu hautenguki kwa damu ya sindano, na tone dogo limesamehewa. Bonyeza kwa pamba kavu, usisugue, ukaswali. Hata kujitoboa kidole kupima sukari mchana hakufunguzi, kwa hiyo pima.

Ukiona mikono inatetemeka, jasho la baridi linakutoka, au kipimo kiko chini ya 70 (mg/dL; kwa mashine ya mmol/L ni 3.9), fungua hapo hapo kwa kitu cha sukari, hata kama muadhini ameshashika kipaza sauti. Kungoja dakika tano hizo si ucha Mungu, na Qur'ani imetukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Siku hiyo utailipa. Daktari akisema usifunge tena maisha, ni kibaba cha chakula kwa maskini kila siku, basi.

Sasa niruhusu nitoke kidogo kwenye fiqhi. Mama yangu mdogo, wa Barabara ya Nane, alijichoma miaka pale pale kushoto mwa kitovu kwa sababu palikuwa hapaumi tena. Pakaota uvimbe mgumu kama kokwa ya embe, dawa ikawa hainyonywi vizuri, sukari haishuki, na sisi tukamlaumu kwa halua. Alipoanza kuhama, leo tumbo kulia, kesho paja la nje, kila mara upana wa kidole kutoka alama ya jana, na kitovu akakiacha vidole viwili, mambo yakatengemaa. Kama unatumia peni ya insulini, ukishasukuma dawa hesabu hadi kumi ndipo uchomoe. Sindano iwe mpya kila mara. Najua bei yake, lakini iliyotumika huwa butu na huchubua, na kumwazima mtu ni haramu isiyo na mjadala.

Dawa unayoitumia usiiache dirishani kwa joto hili letu. Iweke penye ubaridi, na ile ambayo hujaifungua iwe kwenye friji, mbali na barafu, maana ikiganda imeharibika.

Zilizotumika usizifunge kwenye rambo ukatupa jalalani, watoto wanaokota chupa huko, na kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Chukua galoni tupu la sabuni lenye plastiki ngumu, tumbukiza humo sindano bila kuirudishia kifuniko, na likikaribia kujaa likaze ulipeleke kituo unakochukulia dawa.

Wallahu aalam.