Laki mbili kwenye mitumba Mtwara: anza na mali kauli, belo baadaye

Mkuu, umeuliza kama laki mbili zinatosha kuanza mitumba hapa Mtwara mjini, na kama ununue belo, yaani furushi zima la mitumba lililofungwa, peke yako. Belo acha kwanza. Itakayokutoa ni mali kauli: mwenye meza anakukabidhi nguo bila hela, anakutajia bei yake kwa kila moja, ukizidisha ni chako, jioni mnahesabiana.

Hakuna anayempa mgeni. Tafuta mtu anayekufahamu pale sokoni, hata mama lishe au bodaboda wa kijiwe cha jirani, akupeleke. Kisha saidia kazi wiki mbili tatu: kubeba belo, kutandika, kupiga pasi, kulinda meza mwenyewe akienda kuswali. Hapo ndipo unapopimwa.

Ukipewa, anza na nguo 15 hadi 20, zisizidi unazoweza kubeba mkononi na begani. Andikeni kwenye daftari mbili kabla hujaondoka, kwa aina na bei: fulana 8 za 2,500, sketi 4 za 4,000. Ukiandika "nguo 12" tu, jioni mtagombana ipi ilikuwa ya bei gani. Kisichouzwa kirudi siku ileile. Nguo ikilala kwako siku tatu ikarudi na jasho, umeinunua. Na usimkopeshe mteja mali ya mtu. Mwenye meza hamjui huyo mteja, anakujua wewe.

Ukishaaminika, belo fungueni watatu. Belo la kilo 45 la fulana hutoa vipande 200 na ushee, la jinzi hupungua hata chini ya 100 kwa sababu ya uzito. Chambueni kwanza mafungu matatu: safi, ya kati, yenye dosari. Kisha chagueni kwa zamu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu mrudi nyuma kuanzia wa tatu. Msiporudi nyuma, wa tatu ataokota makapi kila mzunguko, na belo la pili hamtalifungua pamoja. Bei ya kila kipande pigeni kwa zile zinazouzika, baada ya kutoa matambara na nauli ya mzigo kutoka Dar. Wengi hugawa kwa idadi yote, wanajiona wana faida, kumbe mtaji unaliwa.

Hela ya belo hutoka kwenye mchezo, yaani kuchanga na kupeana hela kwa zamu. Watu 12, kila mmoja 3,000 kwa siku, mkipeana kila baada ya siku tano, anayepokea anapata 180,000 na mzunguko unaisha siku 60. Kijumbe, anayekusanya na kugawa hela, awe mwenye meza ya kudumu, na mgeni apokee mwisho. Wanaovunja mchezo mara nyingi ni waliopokea mapema wakahamia soko jingine.

Huku kusini mchezo uanze Oktoba, uishe kabla ya Februari. Hela ya korosho ikishakatika na mvua zimekaza, hata mtu mwaminifu anashindwa kutoa. Kwa hiyohiyo korosho, usikimbilie Tandahimba au Masasi siku ya mnada. Mkulima wa stakabadhi ghalani, anayeweka korosho ghalani zikauzwa mnadani, halipwi pale pale, hela huingia benki siku kadhaa baadaye. Uliza mtu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kama malipo yameingia, ndipo upakie. Lindi, hasa Ruangwa na Nachingwea, kuna na hela ya ufuta katikati ya mwaka, basi usikae Mtwara mjini ukilalamika biashara imelala.

Sweta na makoti yanayododa pwani yapeleke Newala mwezi wa sita na wa saba, kule juu baridi inauma. Ila usiende kutandika tu. Mwone kwanza muuzaji wa kule, mwachie nusu ya mzigo kwa mali kauli, nawe ukishuka akikutumia sketi zisizotoka kwake mzigo unazunguka bila kuongeza hela. Laki mbili zako zibaki za nauli, turubai, daftari, na kulipia nguo itakayopotea mkononi mwako. Hiyo ya mwisho ilipe siku hiyohiyo bila kudaiwa.