Kwa baiskeli hadi Urambo: maswali ya wazazi

Barua za safari hii zimetoka kwa wazazi wa Tabora mjini wanaojiandaa kuendesha baiskeli hadi Urambo, kilomita 90 hivi, kuchangia utafiti wa magonjwa adimu. Kadhaa wana watoto wa kiume wenye Duchenne, ugonjwa wa misuli kudhoofika. Nimejibu yale yaliyoulizwa na zaidi ya mmoja.

Shikamoo mama. Mimi kila siku nabeba mkaa kwa baiskeli kutoka Uyui kuja mjini, lakini mke wangu anasisitiza nifanye mazoezi. Mazoezi ya nini tena? – Baba wa watatu, Ipuli

Marahaba, baba. Mke wako yuko sahihi. Miguu unayo, ila mkaa unaupeleka kwa vituo: unasukuma penye kilima, unashuka kusalimiana, unafunga kamba upya. Siku hiyo utakaa juu ya siti saa tano au sita, na kitakachouma kwanza ni makalio, viganja na kiuno. Hivyo ndivyo vya kuzoezwa.

Anza wiki nane kabla. Katikati ya wiki endesha mara mbili, saa moja moja, bila mzigo. Jumapili nenda mbali: anza na kilomita 30, ongeza kidogo kidogo mpaka 70. Huhitaji kufikisha 90 kabla ya siku yenyewe. Wiki ya mwisho pumzika zaidi ya unavyoendesha.

Mwone pia fundi akupandishie siti. Baiskeli za mizigo siti zake huwa chini mno, na goti ndilo linaloumia. Kaa, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa imefika chini kabisa, mguu unyooke. Na kiangazi upepo wetu hutoka zaidi upande wa mashariki, kwa hiyo kwenda Urambo utakusukuma na kurudi utakukabili. Kwenye mazoezi ya njia hiyo geuka ungali na nguvu. Siku ya safari rudini kwa gari.

Tule nini? Kuna anayesema tununue vinywaji vya wanamichezo. – Mama, Cheyo

Michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), karanga na ndizi vinatosha kabisa. Usiku wa kuamkia safari kuleni ugali au wali wa kushiba. Ondokeni saa 12 asubuhi kabla jua halijakolea, na kunyweni maji kidogo kidogo tangu mwanzo, msingoje kiu. Kinywaji cha kurudisha chumvi mwilini mnaweza kuchanganya nyumbani: lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pimeni vijiko bapa, visijae kilima.

Mama mkwe anasema ugonjwa wa mwanangu umetoka kwetu, na nikivaa fulana ya ugonjwa huo barabarani nitawaaibisha. Nishiriki kweli? – Mama, Isevya

Shiriki, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine zote.

Kinasaba kinachohusika na Duchenne kiko kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, na huipata kwa mama. Msichana ana mbili, na ile nzima kwa kawaida humkinga. Ndiyo maana wanaougua ni karibu wote wavulana. Hapo ndipo watu hukimbilia kusema "ni upande wa mama". Lakini katika takriban theluthi moja ya watoto hawa, hitilafu imezuka upya, mama mwenyewe hana. Bila kipimo cha vinasaba, mama mkwe wako hawezi kujua wewe uko kundi gani. Na hata ukikutwa nayo, hukuichagua, kama baba wa mtoto asivyochagua anachompa. Sababu ya kutaka kujua ni nyingine: dada zako nao wanaweza kuwa wanaibeba, na wana haki ya kuambiwa wakiwa wanapanga uzazi.

Mazungumzo na mama mkwe mwachie mume wako. Atamsikia mwanawe kuliko atakavyokusikia wewe. Ikiwezekana, mwende naye kliniki siku moja, aulize mwenyewe. Mara nyingi ukali wa namna hii ni hofu ya bibi kwa mjukuu.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu maneno ya aibu huwaficha watoto ndani. Mtoto anayeanguka ovyo, anayeinuka sakafuni kwa kujikongoja na mikono juu ya mapaja, akifichwa hapimwi. Kipimo cha kwanza ni cha damu, cha kimeng'enya kiitwacho CK. Akijulikana mapema, daktari anaweza kumpa dawa za jamii ya prednisolone zinazochelewesha siku ya kushindwa kutembea, na kufuatilia moyo wake. Na mtafiti hawezi kumtafiti mtoto ambaye hakuna anayejua kuwa yupo. Fulana yako barabarani itamfikia mama mwingine pale Usoke ambaye hajawahi kulisikia jina la ugonjwa.

Tukipata milioni mbili, zitafanya utafiti gani? – Katibu wa kikundi

Dawa mpya hazitatengeneza. Zinaweza kulipia nauli za familia kwenda kupimwa, kusafirisha sampuli, na kuandaa daftari la wagonjwa, na utafiti huanzia hapo. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, huko Philadelphia, huandaa safari ya baiskeli ambayo kila ugonjwa una timu yake, na fedha za timu huenda kwa watafiti wa ugonjwa huo. Igeni hilo. Kabla ya kukabidhi chochote, takeni maandishi: nani anapokea, kwa kazi gani, na utafiti umepata kibali cha maadili, kwa hapa kwetu kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Fedha za matibabu ya mtoto fulani zikae kando, zisichanganywe hata siku moja. Na kuchangisha umma kunahitaji kibali. Anzeni ofisi ya mkuu wa wilaya, na polisi wajulishwe njia.

Mwanangu ana selimundu. Nami nijiunge? – Baba, Urambo

Karibu sana, ingawa kwetu selimundu si adimu. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Ulaya huuita adimu ugonjwa unaompata chini ya mtu 1 kati ya 2,000. Kwa hiyo ugonjwa unaweza kuwa adimu huko na wa kawaida hapa. Watoto wenu wanahitaji kampeni yao wenyewe, kubwa kuliko hii.

Mwanangu mwenye Duchenne, miaka 11, anataka kwenda nami. Nimbebe kwenye keria? – Baba, Kiloleni

Hapana, baba. Misuli yake haitamshikilia mwendo wote huo. Akae kwenye gari la kusindikiza, agawe maji, apulize filimbi ya kuanza. Muulize pia kama anataka kupigwa picha. Akikataa, picha yake isiingie kwenye kundi lolote la WhatsApp.

Kwa nini tusiende siku ya magonjwa adimu duniani? – Wengi

Huwa siku ya mwisho ya Februari, na Februari mvua zetu bado zipo. Siku hiyo fanyeni mkutano. Baiskeli iwe Juni au Julai, na kila mtu abebe tyubu ya akiba, kiraka, solusheni na pampu.