Maswali na Majibu: Kuwatafuta Mababu katika Vijiji vya Uingereza

Swali (msomaji wa Nakuru): Babu mzaa baba wa mume wangu alizaliwa katika kijiji kimoja cha kaunti ya Norfolk kabla ya kuja Kenya kulima. Mwezi wa Julai tutakwenda huko na watoto. Je, tuanzie kanisani kijijini?

Jibu: Kanisani mtafika, mama, lakini msianzie huko. Kwa sheria ya Kanisa la Uingereza ya mwaka 1978, madaftari ya zamani ya ubatizo, ndoa na maziko hutakiwa kuwekwa katika hifadhi ya nyaraka ya dayosisi, ambayo mara nyingi ndiyo hifadhi ya kaunti, na parokia zilizobaki na madaftari yao ni chache. Hifadhi ya Norfolk iko Norwich. Aidha, kasisi wa mashambani siku hizi huhudumia makanisa kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo mnaweza kuukuta mlango wazi na asiwepo mtu wa kuulizwa.

Kazi kubwa ifanyeni mkiwa bado Nakuru. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo huko England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837, na faharasa ya vizazi iliyoko kwenye intaneti huonyesha pia jina la ukoo wa mama, jambo linalosaidia sana kuwatenganisha akina John Smith waliojaa katika kila kaunti. Kutoka kwenye cheti cha kuzaliwa rudini nyuma kwa sensa, ambazo majina ya watu wa kila nyumba husomeka kuanzia ile ya 1841 hadi ya 1921. Ya 1851 ndiyo ya kwanza kutaja parokia ambako mtu alizaliwa, na parokia ndiyo ufunguo wa kila kitu kinachofuata. Mkishaijua, wekeni miadi Norwich, chukueni kitambulisho chenye picha na hati inayoonyesha anwani yenu, na mbebe penseli, kwa kuwa kalamu za wino haziruhusiwi karibu na nyaraka.

Swali (msomaji wa London): Daftari la parokia moja ya Wiltshire linaonyesha kwamba wahenga wa mke wangu walifunga ndoa Aprili 1720, na mtoto wao wa kwanza akabatizwa Februari 1720. Shemeji zangu wanataka habari hiyo nisiiandike katika kitabu cha ukoo.

Jibu: Iandike bila wasiwasi. Hadi mwaka 1751, mwaka wa kisheria nchini Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, siku ya Bikira Maria kupashwa habari, wala si tarehe 1 Januari. Kwa hesabu hiyo Februari 1720 ilikuja baada ya Aprili 1720, na mtoto alibatizwa miezi kumi baada ya harusi, katika mwezi ambao sisi tungeuita Februari 1721. Watafiti makini huandika 1720/21 ili msomaji asipotee. Kumbuka pia kwamba kalenda iliporekebishwa, Septemba 1752 ilirukwa siku 11, yaani tarehe 2 ilifuatwa na tarehe 14, kwa hiyo usishangae kukosa maziko yoyote ya tarehe 8 mwezi huo. Na hata kama mtoto angetangulia harusi, mimi ningeiandika: kitabu cha ukoo kinachochagua watu wa kuonyeshwa hakina faida kwa wajukuu.

Swali (msomaji wa Dar es Salaam): Mkwe wangu Mwingereza anataka kununua nembo ya ukoo wake dukani. Je, ni halali yake?

Jibu: La. Nchini Uingereza nembo hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake. Haigawiwi kila mwenye jina linalofanana.

Swali (msomaji wa Arusha): Daftari linasema babu wa mababu wa mume wangu alizikwa Dorset mwaka 1789, lakini hatukuona kaburi lake. Je, tulitafuta vibaya?

Jibu: Huenda hakuwahi kuwa na jiwe. Kibarua wa mashambani alizikwa bila alama, au kwa ubao uliooza zamani, na sehemu ileile ikazikwa wengine. Kama jiwe lipo, lisomeni asubuhi au jioni, jua linapolipiga kwa ubavu. Msilikwangue kuvu wala kulipaka chaki, kwa maana mawe laini humomonyoka pamoja na maandishi.

Kama mnataka mahali pa kusimama, tafuteni ramani za zaka, yaani fungu la kumi lililotozwa kwa ajili ya kanisa, zilizochorwa kufuatia sheria ya 1836. Daftari linaloambatana nazo hutaja mmiliki wa kila kiwanja, aliyekitumia, na jina la shamba lenyewe, ingawa vibarua waliopanga nyumba ndogo mara nyingi hufichwa nyuma ya maneno “na wengine”. Mzee wenu alifariki mapema mno kuwemo, lakini wanawe au wajukuu wake wanaweza kuonekana. Mkiilinganisha ramani hiyo na ramani mpya ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, ya kipimo cha 1:25,000, mtaona njia za miguu za umma zikionyeshwa kwa vistari vya kijani, na kwa njia hizo mnaruhusiwa kukatiza hata katikati ya shamba la mtu, mradi mfunge kila lango mlilolikuta limefungwa.