Kazi za sumu zinalipa ngapi? Maswali yenu wiki hii

Nilipotaja juzi kwamba niliwahi kuwa nyapara wa kundi la kung'oa mapaa ya asbesto, zile bati za zamani za saruji yenye nyuzi, hapa Pwani, sikujua nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja kutoka Malindi hadi Lamu, na karibu yote yanauliza pesa. Haya, tuziseme pesa.

Binamu yangu yuko Marekani. Anasema kuondoa taka za sumu kule kunalipa kuliko ualimu wa huku. Ni kweli au ananizuga? (Kijana wa Kisumu Ndogo, Malindi)

Hakuzugi. Takwimu za kazi za serikali ya Marekani za mwaka 2019 zilihesabu wafanyakazi wa aina hiyo wapatao 45,000. Ukiwapanga mstari kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa sana, yule wa katikati alipata dola 43,900 kwa mwaka, yaani kama dola 21 kwa saa, na tangu hapo malipo yamepanda. Hao ndio wanaotoa asbesto, rangi yenye madini ya risasi, taka za viwanda, hata mabaki ya nyuklia. Kwenye miradi ya ujenzi ya serikali kuu, mkandarasi hana ruhusa ya kulipa chini ya kiwango cha eneo lile. Sheria hiyo inaitwa Davis-Bacon, nayo ni ya tangu 1931.

Digrii hawaitaki, cheti cha sekondari kinatosha. Wanachodai ni mafunzo. Wa maeneo ya taka hatari anakaa saa 40 za masomo na siku tatu kazini chini ya msimamizi, kisha kila mwaka saa 8 za kunolewa upya. Mfanyakazi wa asbesto ana kozi yake ya saa 32. Ila muulize binamu yako analipa kodi ya nyumba kiasi gani, halafu urudi tuzungumze.

Shikamoo mzee. Kontrakta anataka tumng'olee paa la asbesto kwenye nyumba ya zamani ya wafanyakazi, nje kidogo ya mji wa Lamu. Anatoa 1,200 kwa siku, au shilingi 60 kwa kila bati. Nichague ipi? (Fundi wa Langoni, Lamu)

Marahaba, mwanangu. Kwanza jua unaanzia wapi kisheria, maana hapa watu wa Lamu mnapunjwa bila kujua. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 ilimpa kibarua wa kawaida wa Malindi, mji uliokuwa na baraza la manispaa, karibu shilingi 14,870 kwa mwezi. Lamu haikuwa manispaa, kwa hiyo iliwekwa kwenye kundi la mwisho: karibu 8,600, kabla ya posho ya nyumba. Gawanya kwa siku 26 upate kama 330 kwa siku. Kontrakta anakijua kiwango hicho, ndiyo maana akikutajia 1,200 anakutajia kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka.

Kazi ya kipande ikatae. Sikwambii kwa sababu ya hesabu, maana ukikimbia unaweza kutoa bati 30 na ukampita mwenzako wa 1,200. Tatizo ni huko kukimbia. Bati la asbesto likiwa zima na limelowa, nyuzi zake nyingi hubaki ndani ya saruji. Likivunjwa, zinaruka, unazivuta kifuani, na huzioni. Anayelipwa kwa bati hana muda wa kulegeza parafujo yenye kutu. Anapiga nyundo, bati linapasuka, analitupa chini. Nimesimama chini ya paa la namna hiyo. Jua la saa nne lilikuwa likipenya kwenye tundu, vumbi linametameta kama la unga kwenye kinu, na vijana wangu wanacheka.

Kwa hiyo chukua malipo ya siku, na upandishe bei: 1,200 isiwe na makato, na juu yake mwajiri atoe ovaroli za kutupwa, barakoa ya mpira yenye vichujio vya P3 au P100 pembeni, maji ya kunyunyizia na plastiki nene ya kufungia. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, kwa hiyo akikwambia "njoo na barakoa yako", amekupunguzia ujira bila kutaja shilingi.

Halafu uliza swali ambalo makontrakta wengi hawalipendi: bati zinakwenda wapi? Huko kwenu hakuna lori la kuingia vichochoroni. Zitapakiwa mkokoteni, zishushwe gatini, zivushwe kwa boti hadi Mokowe. Kila kituo mtu anazishika kwa mikono, na hamali hajui amebeba nini. Taka hizi zinataka msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na mahali palipoidhinishwa pa kuzikia. Akijibu "tutaona huko mbele", rudi nyumbani.

Mwanangu anafanya hiyo kazi ya asbesto. Bosi anampa 200 ya maziwa kila siku, ati yanasafisha kifua. Nguo zake nazifua mimi. Kuna ubaya? (Mama wa Maweni, Malindi)

Mama, maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu. Hata mimi nilizipokea hizo pesa za maziwa, nikazinywa chai.

Kubwa zaidi ni zile nguo. Duniani wapo wanawake waliougua saratani ya utando wa mapafu bila kukanyaga mahali pa kazi, kwa kukung'uta na kufua nguo za waume zao. Ugonjwa huo huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza, ndiyo maana bosi hakosi usingizi. Nguo zibaki kazini, na aoge huko huko kabla ya kuja kwako. Akishindwa, asizikung'ute, azitie kwenye mfuko zikiwa zimelowa. Na kama anavuta sigara, mwambie wewe aache, mimi hatanisikia.

Nachimba na kusafisha mashimo ya choo, Shela. Harufu ya mayai viza ikipotea, ni salama kushuka? (Mchimbaji)

La! Gesi ile ikizidi, inaua pua kwanza. Usiposikia harufu, huenda ndipo imekuwa nyingi. Usishuke hata kwa 5,000. Ukiona mwenzako ameanguka chini, usimfuate bila pumzi ya mtungi. Mara nyingi wa pili hufa akimwokoa wa kwanza.

Asidi ya kidimbwi cha kuogelea iliniruka jichoni hotelini, sasa miezi kumi. Meneja alinipa 5,000 akaniambia tumalizane. Jicho bado linaona ukungu. Nilitia sahihi karatasi. (Msafishaji, Malindi)

Pole sana, ndugu yangu. Ile 5,000 si fidia. Sheria ya fidia kazini ya 2007, WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima na aripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku 7. Anayelemaa kabisa hulipwa mshahara wa miezi 96, na ulemavu wa sehemu huhesabiwa kwa asilimia ambayo daktari ataandika. Karatasi yako ya sahihi ibebe, lakini isikutishe kabla mtu wa sheria hajaisoma.

Chukua kadi ya hospitali ya siku ile, majina ya wenzako wawili walioona, na uulize fomu ya DOSH/WIBA 1 kwenye ofisi ya usalama kazini. Dai lisipowasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, linaweza kufa. Umebakiza miwili. Nenda Jumatatu.